Mteja Wako wa Mwisho, Mama

Ni mwaka mmoja sasa tangu mwanamke tusiyemjua apige hodi mlangoni petu, mkoba mweusi begani, akikuulizia kwa jina lako kamili ambalo hata majirani hawalijui. Alikuwa muuguzi. Hospitali ilimtuma kuwatunza nyumbani wagonjwa ambao hawatarudi tena wodini. Sisi tulimtarajia Jumatatu, tupate muda wa kujipanga. Yeye akaja Jumamosi, wewe ukiwa macho na mlango wa chumba chako u wazi.

Watoto wako tulikuwa tumekubaliana usijue. Kila mmoja alikuambia utapona, kisha akaenda kulia jikoni. Kwa hiyo ulipouliza ni nani huyo, mwanao wa kwanza, dereva wa lori asiyepotea njia, alipotea mdomo.

"Mteja, Mama," akasema.

Ukasema aingie.

Ungesema nini kingine? Katika maisha yako ya ususi hukumrudisha mtu mlangoni. Tulikulia barazani pako, tukiokota nywele zilizodondoka na kugombania nani akushikie kopo la mafuta. Mafuta uliyapaka nyuma ya kiganja, chanuo ulilichomeka katika nywele zako mwenyewe, halafu ukalitafuta nyumba nzima. Wateja walikaa kwenye kigoda katikati ya magoti yako, wakakupa kisogo, na kabla mstari wa tatu haujaisha walikuwa wameshakumwagia ya moyoni. Wasichana waliokuja kujifunza kazi uliwaambia kwamba kisogo hakijui kudanganya, mdanganyifu ni uso. Na waliyokuambia hukuyatoa nje. Mama Mdogo alikuchokoza miaka na miaka umpe hata umbea mmoja tu, wa kuonja, ukamnyima.

Basi yule muuguzi, aliyemwona kaka akimsihi kwa macho, akakaa kitandani kwako. Ukamuuliza anataka mtindo gani. Maskini, alitafuta ule wa haraka kuliko yote, mistari michache inayorudi nyuma, asikuchoshe, akautaja kwa jina lake.

"Twende kilioni tu, Mama."

Nyumba nzima iliganda. Mama Mdogo alishika fremu ya mlango. Wewe ulicheka mpaka tukakushika mabega, ukamwambia safari hiyo ni yako, asikutangulie. Nasi, mabingwa wa kujificha, tukajifanya hatukusikia.

Aliyesikia zaidi ni kitinda mimba wako, uliyemwita Msomi, nusu kwa fahari na nusu kwa utani. Yeye ndiye alikuwa amekushikia kopo. Tangu alipohitimu chuo aliamini kwamba hakuna jambo lisilo na dawa, mradi mtu asome vya kutosha, na kila asubuhi alikuletea habari ya tiba mpya kama mtu anayeleta maziwa. Alikataa hata kulitamka neno kwaheri. Kwake, kukuaga kulikuwa ni kukusukuma. Sasa, vidole vyako vikiwa kichwani mwa mgeni, alikusikia ukimuuliza taratibu kama ni kweli imebaki dawa ya maumivu tu. Muuguzi, amekupa kisogo, akajibu kwamba ni kweli, na kwamba maumivu hayo atayashika yeye, hayatakushika wewe. Ukasema ahsante. Ukaendelea kusuka.

Siku hiyo hukuweza kumaliza. Muuguzi alirudi kazini na kichwa kilichosukwa nusu, amekifunga kitambaa, nasi tangu hapo jina lake likawa Mteja.

Jioni ile ulimwita Msomi, ukamwonyesha kigoda. Alikaa, akatazama ukuta. Ulianza kumpasua njia kwa chanuo, polepole, bila kuuliza kitu. Alijaribu kukusimulia makala aliyoisoma. Chanuo lilishuka, likapanda. Alisema baadaye kwamba alihisi kama maneno yanavutwa kutoka kwenye mizizi ya nywele.

"Mama, dawa za kukuponya zimekwisha. Hizi ni za kukupunguzia maumivu tu."

"Najua, mwanangu. Nilikuwa nangoja mmoja wenu akue aniambie."

Akalia hapo hapo, amekupa kisogo, nawe hukumgeuza.

Ndivyo tulivyokuaga, Mama, mmoja mmoja, kigodani. Kaka dereva alikaa na upara wake, ukamuuliza wewe nikusuke wapi, ukampaka mafuta tu mpaka akang'aa kama sufuria mpya. Mama Mdogo hatimaye akapewa umbea mmoja, na hadi leo amekataa kutuambia ni wa nani. Mumeo, Fundi, ambaye magoti yake yameliwa na miaka ya kuinama chini ya masinki ya watu, alishuka kwa shida akakaa muda mrefu. Mliyosemezana ni yenu. Sisi tuliona mkono wako tu, umetulia shingoni mwake.

Mteja ulimmalizia kichwa katika ziara ya tatu. Mstari wa nyuma ya sikio ulikwenda upogo, ukaona haya, yeye akasema ndio anaoupenda zaidi. Ukageuka kwa Msomi. Sheria ya baraza lako tuliijua sote: aliyesuka ndiye anayefumua, kwa wakati wake, nywele za mtu zisikatike. Safari hii ulijua hutakuwepo.

"Kusuka hujui, lakini kufumua hata Msomi anaweza," ulimwambia. "Usiache msuko wangu umkatie nywele."

Akakuahidi.

Ulituacha alasiri moja, usingizini, bila maumivu, kama Mteja alivyosema.

Wiki za kufumua nywele zilipotimia, Mteja alikuja, akasema anaweza kuzibakiza kidogo kama tunapenda. Tulipenda. Hiyo ndiyo kazi ya mwisho ya mikono yako iliyokuwa imebaki duniani, na ilikuwa imekaa sebuleni kwetu ikinywa chai. Mama Mdogo alisema ziachwe mpaka zianguke zenyewe. Fundi akaomba uachwe ule mstari mmoja tu, wa nyuma ya sikio.

Msomi naye alitaka uachwe kuliko sote. Lakini akaweka kigoda, akapaka mafuta nyuma ya kiganja, akafumua mstari mmoja baada ya mwingine, polepole, hata ule wa upogo. Ule ulimchukua muda, kwa sababu alikuwa haoni vizuri. Alipomaliza, Mteja alipitisha vidole kichwani. Hakuna unywele uliokatika. Chini ya kazi yako nywele mpya zilikuwa zimeota.

Unakumbukwa na mumeo Fundi. Mdogo wako, Mama Mdogo. Mwanao dereva, mkewe na wajukuu zako wanaogombania kopo. Kitinda mimba wako Msomi. Wateja wako wa barazani. Na Mteja, anayekuja bado kusukwa na Msomi, mistari yote ikienda upogo.

Kila tukimpa mtu kisogo, tutakukumbuka, Mama. Daima.