Kitabu Chako Kimetoka, Mimi Bado

Mzee Jordi,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini hata ulipokuwa hai ulikuwa huitikii mpaka nikuletee kahawa, kwa hivyo mimi sioni tafauti kubwa.

Khabari za huku: cherehani zimelala. Baba anasema tangu ufe hakuna fundi Maskati nzima. Mimi nimetengeneza mbili, na moja inashona kweli. Usicheke. Chumbani kwako analala shangazi na wanawe watatu, wametufuata kutoka Unguja. Kofia yako bado iko msumarini, hakuna aliyethubutu kuishika.

Tulikuzika kwenye ule ufukwe wa makaburi ya Wakristo. Tulikupeleka kwa mashua maana kwa miguu hakufikiki. Baba alifuta macho akasema ni jasho. Mimi sikulia. Haya, nililia, lakini nyuma ya mwamba.

Hadithi zako nnazisimulia. Nikipita barazani wenzangu wananiita, "Njoo Mkatalani, tupe mji wako!" Nami nawapa Tarragona yako ya Uhispania utadhani kitovu changu kimezikwa kule. Nawapa yale majitu ya mbao na nguo yanayochezeshwa mitaani, na mchukuzi aliyejificha ndani ya jitu apate kupita chini ya dirisha la mchumba wake. Nawapa lile gogo ambalo watoto hulifunika blanketi na kulilisha, kisha siku ya sikukuu hulipiga bakora litoe tamutamu. Baba alisikia hiyo akaguta, "Astaghfirullah! Gogo?" Nikamwambia muulize Mzee Jordi, mimi mpokezi tu. Na yule mama muuza mkate, serikali ilipowakataza Kikatalani chao, polisi akiingia dukani anauza kwa vidole, hatamki neno. Hiyo nikiisimulia hakuna anayenikatiza.

Ya mnara wa watu ndiyo iliyoniponza. Ulisema kwenu watu hupandiana mabegani, ghorofa juu ya ghorofa, na mtoto mdogo anafika kileleni anainua mkono. Nikasema kama Wakatalani wanaweza, vijana wa Unguja watashindwa? Siku ya Idi, baada ya adhuhuri, nikakusanya kumi na mmoja. Tukatafuta mahali penye mchanga, mtu akianguka asivunjike. Mchanga mzuri, Mzee, uko karibu na lango, chini ya ukuta wa mji.

Ndiyo, naona unavyoshika kichwa.

Tulifika ghorofa nne! Wallahi nne! Salim, mtoto wa shangazi, akafika juu, akainua mkono kama ulivyonisimulia. Askari aliyekuwa juu ya ukuta akageuka, akaona kichwa na mkono vinachomoza mbele yake. Tukakamatwa sote. Karani, yule yule anayetoa ruhusa za kusafiri, akatuuliza, "Mlikuwa mnapanda ukuta mwende wapi?" Nikamjibu, "Ami, ukuta hatukuugusa. Tumepandana wenyewe." Wenzangu wakacheka. Karani hakucheka. Tulikaa ndani siku tatu, na karatasi yangu ya ruhusa ya kusafiri, iliyobakia muhuri tu, akaichana nikiangalia.

Tangu hapo niko humu. Asubuhi lango linafunguka, wengine wanakwenda na kurudi, mimi nakwenda mpaka Matrah, mji wa jirani, kununua nyuzi na kurudi; bila karatasi mwisho wangu hapo. Nnajua idadi ya hatua. Wakati mwengine nikirudi, nikifika langoni najifanya nafunga kiatu, nibakie nje kidogo.

Sasa nikwambie lililonifanya nishike kalamu.

Daftari lako la hadithi, lile uloandika kwa Kikatalani, ulinishika mkono ukasema, "Lifike kwa dada yangu Marseille. Mkono kwa mkono." Mwaka jana alikuja dukani daktari wa meli, Mfaransa, kushonewa vifungo. Kwao Marseille. Baba akamtajia daftari, naye akasema atalipeleka. Nikamwambia limepotea.

Halikupotea. Lilikuwa chini ya godoro langu. Kila nilipoomba ruhusa nilisema nna amana ya marehemu, lazima niifikishe mwenyewe. Ndiyo sababu pekee niliyokuwa nayo. Likiondoka bila mimi, mimi nna nini tena cha kuwaambia? Nikakufungia wewe humu pamoja nami, Mzee wangu, wewe uliyeukimbia mji wako ili uandike unavyotaka. Nilijua. Kila usiku nililalia maneno yako nikajua.

Jumatatu daktari akarudi. Nikampa. Nikamwambia kweli, kwamba mwaka jana nilimdanganya. Akanitazama, akalitia kwapani. Nikamsindikiza mpaka langoni. Askari hata hakumuuliza. Akapita nalo kama mtu aliyebeba gazeti, akapinda kona, basi. Nilisimama pale mpaka nikafukuzwa.

Ndani ya daftari nimetia barua kwa dadako, kwa Kiarabu changu hiki kibovu, atafute wa kumsomea. Nimemwambia ulikufa nyumbani, si ugenini.

Basi Mzee Jordi, pumzika, nasi usitusahau. Kesho nakwenda tena kuomba ruhusa. Naahidi jina lako sitalitaja, wala daftari, wala dada. Karani akiniuliza safari hii nna shughuli gani huko nje, nitamwambia sina. Nataka kutoka tu.

Mwanao wa Maskati,
Nasoro