Ukurasa wa Makomamanga

Alief, Houston
17 Septemba 2017

Dada Zena,

Assalaam alaykum. Hujambo wewe, shemeji hajambo, na Shadya masomo yanaendaje? Mimi nipo. Maji ya mafuriko yalinifika magotini humu sebuleni. Zulia limetupwa, kochi limetupwa, na hospitali wananitaka kazini kama kawaida. Nakuandikia kwa mkono kwa sababu kwenye simu umeniblock.

Nataka kitabu changu. Mama alisema mbele ya watu, "Kitabu cha Bibi ni cha Mwajabu." Wewe, arobaini ilipokwisha, ukakifunga kwenye khanga ukakitia begini, mimi niko uani naosha masufuria ya hitima. Masufuria ya hitima, Zena! Huna hata haya?

Bibi yake Mama alikianza kule Pangani zama za Wajerumani. Kila shoga aliyemtembelea alimwandikia shairi lake humo na kumchorea ua pembeni, kwa wino wa masizi, manjano na hina. Mama alinifundisha kuzisoma hati zile za Kiarabu nilipokuwa namuuguza. Wewe hata alifu huijui. Unakitakia nini?

Mdogo wako,
Mwajabu

*

Irving
9 Oktoba 2017

Mwajabu mdogo wangu,

Waalaykum salaam. Sisi wazima, ila shemeji yako kifua kinamsumbua. Pole na mafuriko. Sasa hebu jiulize, kitabu kingekuwa kwako, leo kingekuwa wapi? Si kingekwenda na kochi? Hapa nimekiwekea kabati la kioo, kila mgeni anakisifu.

Halafu mimi ndiye mkubwa. Mimi nilipelekwa bweni bado mdogo, nalia. Wewe ukabaki na Mama mkiimbiana mashairi jikoni. Mimi nilipata nini cha Mama? Basi nimepata hicho. Habari hii usiniandikie tena.

Dada yako,
Zena

*

Irving
3 Machi 2019

Mwajabu mdogo wangu mpenzi,

Salamu nyingi kama mchanga. Miguu yako inaendeleaje na zile zamu za kusimama? Najua tumenuniana muda mrefu, lakini damu ni damu.

Shadya anaolewa! Ni mwezi wa sita, baada ya Idi. Kijana ni mhasibu, kwao Tanga, wazazi wake wanakaa Fort Worth, na bibi yake, Bi Tufaha, anakuja kutoka nyumbani. Wanajisikia kweli hao watu. Nataka wajue na sisi tuna kwetu. Nimepata fundi wa kuprint bango kubwa la nyuma ya kiti cha maharusi, na nataka aweke ukurasa mmoja wa kitabu, na maua yake na shairi lake.

Ndani ya bahasha kuna picha za kurasa nne zinazopendeza. Niambie ipi ina dua ya bibi harusi. Sitaki kumuuliza mtu wa nje, wakaanza kusema mwenye kitabu hajui kukisoma. Shadya anasema siku ya hina lazima mama yake mdogo amkalie karibu. Na simu nimekufungulia.

Dada yako,
Zena

*

Alief
10 Machi 2019

Dada yangu kipenzi,

Hongera, hongera tena! Mpe mwanangu busu. Miguu haijambo.

Chukua ukurasa wa makomamanga, usihangaike na mwingine. Bibi aliandikiwa na shoga yake wa chanda na pete, na maneno yake yanahusu wakwe. Hapo utawapatia hasa. Mwambie fundi azikuze herufi, hata aliyekaa mlangoni asome.

Nitakuja, tena nitavaa nikavalika.

Mdogo wako,
Mwajabu

*

Irving
30 Juni 2019

Mwajabu,

Salamu sikupi. Hali yako sikuulizi.

Watu mia tatu ukumbini. Bi Tufaha akainuka, akavaa miwani, akasogea mbele ya bango. Nikafurahi, mjinga mimi! Nikampelekea na maikrofoni. Akasoma:

*Ondoka shoga ondoka,*
*Wakwezo hawana haya,*
*Njaa umeshaichoka,*
*Kukaa kwao hizaya.*

Nikakutazama wewe, useme tu bibi wa watu kakosea kusoma. Uko meza ya mbele, unafyonza mfupa wa kuku. Ukanikazia macho ukaendelea kufyonza. Upande wa bwana harusi wakanyanyuka wote, pilau sahanini. Shadya kalia mpaka wanja umemfika kidevuni.

Mtoto amekukosea nini?

Zena

*

Alief
6 Julai 2019

Dada Zena,

Mimi nakuuliza: hujambo?

Nilikwambia maneno yanahusu wakwe. Nilidanganya? Bibi aliandikiwa shairi lile alipokuwa ananyimwa chakula ukweni. Ungekuwa unakisoma kitabu ulichokiiba, ungejua.

Shadya nimemkosea, na nitamwangukia miguuni mwenyewe. Wewe sikuombi kitu. Ulivyosimama na ile maikrofoni mkononi, Zena, roho yangu ilisuuzika. Tangu tumzike Mama sijalala usingizi kama niliolala usiku ule.

Sasa lete kitabu changu. Hakina faida tena kwako, labda utake nikuchagulie ukurasa mwingine.

Mdogo wako,
Mwajabu

*

Irving
2 Septemba 2019

Mwajabu mdogo wangu,

Assalaam alaykum. Natumai u mzima. Sisi wazima, alhamdulillah, na shemeji yako kifua kimetulia.

Wale watu walimrudisha Shadya kwangu. Mwezi mzima mtoto yuko chumbani, hali chakula. Nikafunga safari na mume wangu mpaka Fort Worth, nikapiga magoti mbele ya Bi Tufaha. Ikabidi niseme kweli, kwamba sijui kusoma na kwamba ndugu yangu ndiye aliyenichagulia. Kisha nikampa kitabu. Chote.

Akakifungua palepale. Akasoma, akacheka, akalia, akasoma tena. Anasema wengine humo ni wanawake wa mtaani kwao. Jioni ile Shadya alirudi kwa mumewe. Wiki iliyofuata bibi akapanda ndege na kitabu begini, na kabla hajaondoka aliniapia kwamba akija mtu anaitwa Mwajabu, mlango hafunguliwi.

Kwangu mimi kilikuwa picha nzuri kabatini. Nimekosa picha. Wewe ndiye uliyekuwa unamsikia Mama humo ndani. Sasa lala huo usingizi wako.

Dada yako,
Zena

*

Alief
19 Januari 2020

Dada Zena,

Assalaam alaykum. Hujambo, dada? Shemeji hajambo? Shadya namsikia mjamzito, Mungu amjalie salama. Barua zangu najua zinakufika, ila hujibu.

Nimenunua daftari. Nikitoka kazini nakaa nalo mezani, nijaribu kuyaandika yale ninayoyakumbuka. Shairi la Mama, lile la humo kitabuni alilokuwa akinibembelezea, ubeti wa kwanza unakuja. Wa pili hauji. Nimeuita kila namna, nimeimba mpaka jirani kagonga ukuta, hauji.

Sitaki tena kitabu. Nataka ubeti huo tu. Nitajie mtaa wa Bi Tufaha, nimwandikie. Nakuomba, dada yangu. Nimekosa.

Mdogo wako,
Mwajabu