Dola ya Saluni Haishuki

Wewe, acha unachofanya unisikilize! Dada, bosi wangu, ameumbuka saluni sasa hivi, mimi nimekimbilia uani kucheka.

Si unajua mwaka mzima akipandisha bei anasema nywele za kusukia zinatoka nje, dola imepanda, yeye afanyeje? Basi wateja wameshtuka. Leo mmoja kakaa kitini, kamwonyesha simu: "Dola inashuka, hii wiki ya tatu. Bei je?"

Kitana kikamdondoka dada.

Halafu akajikaza, akapaza sauti saluni nzima isikie: "Mpenzi, dola ya kwenye habari siyo ya hapa. Hapa ikishapanda haishuki. Ndiyo biashara!"

HAISHUKI! Kwa mdomo wake mwenyewe!

Na asubuhi hiihii kamtumia mama mwenye nyumba ujumbe mrefu: mama, kodi ulipandisha kwa ajili ya dola, sasa imeshuka, nipunguzie.

Mimi huku kwenye sinki namwosha mtu, taulo usoni. Namkonyeza dada mpaka jicho linauma, wala hanioni.

Taulo likafunuliwa taratibu. Mama mwenye nyumba!

"Asante, mwanangu," akasema, povu likimchuruzika. "Tangu asubuhi natafuta namna ya kukujibu."