Veranda Moja, Kibali Kimoja

Ijumaa jioni, Migori.

Mvua ilinyesha asubuhi ikakatika ghafla, na sasa mji mzima unanuka udongo na moshi wa makaa. Nimechoka lakini sitaki kulala. Nina furaha ya aina ile ambayo mtu akikaa nayo kimya anaweza kulia. Afadhali niandike.

Nitaandika juu ya Mama. Yeye hasomi, na hata angesoma, angesema ni upuuzi kumaliza wino kwa mtu ambaye bado yuko hai.

Mama siye aliyenizaa. Ni mama wa Owiti, mume wangu. Tangu tumzike Owiti tumekaa pamoja kwenye veranda ya duka moja hapa barabara kuu. Upande mmoja yeye na karai lake la mafuta, akikaanga samaki wanaoletwa kutoka ziwani Karungu. Upande wa pili mimi na cherehani. Watu humwita Mama Owiti, na kila wanapomwita hivyo nasikia mume wangu akitajwa, hata na mtu ambaye anataka tu kichwa cha samaki mbuta.

Zamani hatukupendana. Nilipoletwa nyumbani aliniangalia mikono, kisha akamwambia mwanawe kwamba mikono hii haijui jembe. Aliniita Nyar Magunga, binti wa Magunga, nilikozaliwa, kana kwamba Magunga ni ugonjwa. Bado ananiita hivyo. Sijui ni lini jina hilo liligeuka likawa tamu.

Baada ya matanga yeye ndiye alinitoa nyumbani kwao Rodi Kopany. Alinikuta jikoni akaniambia nifunge cherehani kwa kamba, tunaenda Migori, nitashona kando yake. Hakueleza sababu. Lakini nilijua. Shemeji yangu Odongo, ndugu mkubwa wa Owiti, alikuwa ameanza kuja kwangu jioni bila kubisha hodi.

Na Odongo naye ni mtoto wake, wa tumbo lake mwenyewe.

Sasa hii habari ya vibali. Wiki iliyopita lori lilimgonga msichana wa shule hapa mbele yetu. Alivunjika mguu. Alikuwa anatembea barabarani kwa sababu njia ya miguu imejaa sisi: nyanya zetu, viatu vyetu, majiko yetu, nguo zangu zilizoning'inia. Siwezi kulaumu baraza la mji. Nilimwona yule mtoto akibebwa, na nilijua kwamba kama ningekuwa nimesogeza meza yangu ndani kidogo, angepata pa kupita.

Baraza likatangaza kwamba kila veranda itapewa kibali kimoja, kwa mtu mmoja na kazi moja, na njia iachwe wazi. Wengine wahamie soko jipya kule chini mtoni, ambako hata mbwa hapiti.

Niliwaza wiki nzima. Kisha nikaamua. Kibali kiwe cha Mama. Yeye alikuwa kwenye veranda ile kabla mimi sijajua kutia uzi kwenye sindano. Wateja ni wake. Na tangu mitumba ijae mjini nani anashona gauni jipya? Watu huniletea suruali za kupunguza tu. Kule mtoni nisingepata hata hizo. Ningerudi Rodi.

Kurudi Rodi maana yake ni Odongo. Ameshatuma maneno kwamba cherehani ni ya ndugu yake, na mimi pia ni wa nyumba ile. Nilijiambia nitazoea. Wanawake wengine wamezoea. Sikumwambia Mama chochote, maana nilijua uso wangu ungenisaliti nikifungua mdomo.

Leo karani wa baraza akafika, kijana mpole mwenye tai iliyolowa mvua, na nyuma yake askari wa kanjo, wale wa baraza, ambao kwa kawaida hatuwaoni ila wakimwaga vitu vyetu. Majirani wakasogea kusikiliza.

"Tusipoteze wakati, mama zangu," karani akasema. "Hapa tunaandika nani?"

Nikawahi. "Andika Mama."

Mama alikuwa anageuza samaki. Akaliteremsha karai kutoka kwenye jiko, akaliweka chini polepole, akajifuta mikono.

"Hapana," akasema kwa Kiswahili chake cha sokoni. "Andika huyu."

"Mama, wewe ndiye mkubwa hapa," karani akamwambia.

"Eh. Na mkubwa ndiye anaamua. Andika."

Nikaanza kubisha kwa Dholuo, kwamba yeye atakula nini, kwamba mimi nina pa kwenda. Aliniangalia kwa jicho lile la siku ya kwanza, jicho la mikono isiyojua jembe. "Pa kwenda wapi?" akaniuliza. Hakuna mtu aliyekuwa hajui kwamba ni kwa Odongo.

Karani akashika kalamu. "Jina?"

"Achieng," nikasema.

"Achieng nani?"

Nilikuwa karibu kusema Owiti. Ndilo jina ninalotumia kanisani, hospitalini, kila mahali. Mama akanikata.

"Achieng Opiyo. Opiyo ni baba yake. Wa Magunga."

Majirani wakatazamana. Mama mkwe hasemi hivyo mbele ya watu. Mama mkwe husema huyu ni wetu, tulimtolea ng'ombe. Karani, ambaye nadhani si wa huku, aliandika tu kama vile ameambiwa jina la mtaa.

Kisha Mama akaniinamia, akasema taratibu, kwa Dholuo, maneno ambayo nayaandika hapa nisije nikayasahau: "Kibali kikiwa na jina la nyumba yetu, Odongo atakuja kukidai. Na mimi nitakufa siku moja. Nataka akija asome jina asilolijua."

Nikalia. Nililia juu ya suruali ya mteja, na Mama akaninyang'anya akisema machozi yana chumvi, yatatoboa kitambaa.

Karani akauliza, kwa huruma kidogo, kama Mama atahitaji nafasi kule mtoni.

"Ya nini? Nitakaa hapa na huyu. Hiyo karatasi inakataza mtu kukaa?"

Karani akafikiri. Akasema mwenye kibali anaruhusiwa kuwa na mfanyakazi.

"Basi," Mama akasema. "Ameniandika kazi."

Hata askari wa kanjo walicheka, na sikujua meno yao yanaonekana.

Kwa hiyo mchana wote nimekuwa mwajiri wa mama mkwe wangu. Ameshona vifungo. Anavikaza mpaka shati linajikunja, na mteja akilalamika anaambiwa kifungo hicho kitamzika. Mwalimu mmoja alikuja kuchukua koti lake akalinusa akashangaa. Mama akamwambia ashukuru, sasa paka watamfuata, ataonekana mtu wa maana. Tumesogeza meza mpaka ukutani. Wanafunzi walipotoka shule walipita mbele yetu kwa mstari, juu ya njia, na Mama akawa anawahimiza wapite, wapite, kana kwamba njia ile aliijenga yeye.

Lakini nisijidanganye.

Saa ya kawaida mwanamke wa Karungu anayemletea Mama samaki alifika na beseni kichwani. Hakuwa amesikia habari. Alitua beseni mbele ya Mama kama kila siku. Mama akachukua mbuta mmoja, akafungua mashavu akatazama wekundu wake, akambonyeza tumbo kwa kidole. Kisha akamrudisha taratibu, akamfunika na jani. Mwanamke alipoondoka Mama alimfuata kwa macho mpaka akapinda kona.

Nilisimamisha cherehani.

"Wa jana," Mama akasema, akachukua sindano yake.

Sijui kama ni kweli alikuwa wa jana. Sidhani. Najua tu kwamba mtu ameweka chini kazi ya maisha yake ili mimi nisirudi kwa mtoto wake, na hataki nimshukuru. Nimejaribu mara moja tulipokuwa tunakunja vitu. Akaniambia nishike upande wangu wa meza vizuri.

Kesho kuna mtu wa Rodi anayerudi nyumbani. Nitampa maneno amfikishie Odongo: cherehani haiji, na mimi siji. Nitayasema mwenyewe, nisimwachie Mama na hilo pia. Na siku nikipata mahali halali pa kuweka karai, hata kama ni uani nyuma ya duka, nitaomba. Sitaki azeeke akishona vifungo.

Mama yuko ng'ambo ya pazia, anapepeta mchele. Muda mfupi uliopita nimejaribu kulitamka lile jina, kwa sauti, nisikie linavyokaa mdomoni baada ya miaka hii yote. Achieng Opiyo.

Ungo ukatulia. "Ni nani amekuja?" Mama akauliza.

"Ni mimi, Mama."

"Basi ingia," akasema, "chakula kiko karibu."