Damu ya mzee na udongo

Jumanne, baada ya kufunga duka

Nimepoteza oda ya sare za kwaya ya Hasamba leo asubuhi. Wale ni wateja wangu tangu nilipokuwa nikiuza vitenge kwa kutembeza kichwani.

Kiongozi wao, Mama Tumaini, alitandaza vitambaa viwili mezani. "Dada, hiki damu ya mzee, hiki udongo. Unataka tuimbe kwaya mbili?"

Mimi niliona rangi moja. Nikawaka kwamba kama kimoja kimebadilika, ni wao wamekianika juani kikafifia, na sabuni yao ni kali.

Akacheka. "Hakijagusa maji, dada. Lebo hiyo hapo."

Alipoondoka na pesa yake niliyomrudishia, nikavipeleka vile vitambaa mlangoni penye mwanga. Nikaziba jicho la kulia: rangi mbili, mbali kabisa. Nikaziba la kushoto: vumbi tupu.

Tangu Pasaka nimebadilisha taa ya duka mara mbili, nasema inafifia. Nimegombana na muuzaji wa jumla wa Nakonde kwamba rangi zake siku hizi hazishiki. Maskini, hakuwa na kosa.

Mama yangu kule Ileje alianza hivihivi, kwa kulaumu kibatari. Lilikwenda jicho moja, halafu...

Kitambaa kikififia nashusha bei, kinatoka. Jicho je?

Kesho nakwenda hospitali. Daktari, usinibembeleze. Kabla ya saa sita mchana nijibu: la kulia linarudi au limekwenda? Na hili la kushoto, litabaki?