Gemu Imekataa Wifi ya Hosteli

Kitengela, Jumapili

Imekataa tena. Wifi ya chuo inataka kwanza uweke jina na password, na mashine yangu ya gemu haifungui hiyo page. Ijumaa jamaa wa ICT aliniambia, "Hiyo si ya masomo, rudisha nyumbani." Nyumbani gani? Nyumba ya mama kule Kajiado tumeshamrudishia landlord.

Brian, kaka yangu aliye Qatar, alikuwa ananingoja mtandaoni tucheze. Nikampigia simu.

"Uko poa?"

"Niko poa. Na wewe?"

"Poa."

Akakata.

Tangu tumzike mama, Brian humtaja tu tukicheza, macho yakiwa kwa mpira kwenye skrini. Wiki iliyopita alianza kuniambia maneno ya mwisho ya mama, nikafunga bao, tukacheka. Akasema, "Nitakumalizia Jumapili."