Mtani Wangu Alinisemea Bega

Quitunda, Palma
8 Februari 2026

Mpendwa Mama mdogo Fátima,

Shikamoo mama. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na Baba mdogo, na kwamba mguu wake umepungua kuvimba. Mvua huko Mtwara zimefikaje? Hapa zimenyesha vizuri na mihogo imeshika. Mimi nipo, nakula, nasali, nafanya kazi. Barua anakuletea Bi Zuleica, anayevuka mpaka kuja huko kununua vitenge. Mpe maji apumzike kabla hujamuuliza habari zangu.

Ujumbe wako wa sauti niliusikiliza mara nyingi. Umesema bega hili likiendelea hivi niache kazi ya ujenzi huku Afungi, nije nilale kwako uniuguze. Nimeona nikujibu kwa maandishi, kwa sababu kwenye simu ungelia nami ningekubali kabla sijafikiri. Darasa la tano ulilonisomesha linatosha kwa kazi hii.

Kwanza nikueleze hali yenyewe bila kuficha. Maumivu bado yapo. Yanaanzia shingoni, yanapita juu ya bega la kulia, yanakwenda kukaa mgongoni karibu na kwapa, kama mtu ameniwekea kaa la moto. Siku nyingine yamelala, siku nyingine siwezi kuvaa shati mwenyewe. Nimepigwa picha ya mifupa, mifupa ni mizima. Muuguzi, dada mmoja anaitwa Arlete, alinipa vidonge na akaniambia wazi kuwa hajui ni nini. Nilimshukuru kwa hilo, maana wengine wote walijua.

Najua unawaza nimetupiwa kitu. Shehe amenisomea dua, nikapata utulivu wa moyo, bega likabaki vilevile. Sina ugomvi na mtu, mama. Liache wazo hilo.

Hofu yangu kubwa ilikuwa kazi. Sisi hubeba nondo wawili wawili, mmoja mbele mmoja nyuma, tukienda kwa hatua moja. Mwenzangu ni Hermínio, Mmakonde wa Mueda. Mikataba yetu huandikwa upya kila baada ya muda, na watu husema anayeugua haandikwi tena. Kwa hiyo nilinyamaza. Nilihamishia mzigo bega la kushoto nikasema ndiyo mazoea yangu. Hermínio aliona, tukaendelea kubeba. Halafu asubuhi moja mkono uliniishia nguvu, nondo zikaniponyoka, ncha ya nyuma ikamkosa Hermínio mguu kidogo tu.

Hapo ndipo utani wa Wamakua na Wamakonde ulipofanya kazi yake. Msimamizi wetu, Virgílio, alikuja mbio. Nilikuwa natafuta uongo wa kumwambia, nikamsikia Hermínio ananitangulia, kwa sauti ya kusikika kila upande:

"Bosi, huyu Mmakua mmemtoa wapi? Ana bega la kuku, tena kuku mwenye kideri. Mwekeni mezani akakunje vyuma na wazee, asije akaniua nikazikwa na Wamakua, watu wasiojua hata kulia msibani."

Watu wote walicheka. Nami kwa mazoea nikamjibu, "Afadhali bega la kuku kuliko tumbo la Mmakonde lililojaa panya." Wakacheka zaidi, hata Virgílio. Alipomaliza kucheka akaniuliza taratibu kama ni kweli bega linauma, na tangu lini. Baada ya kicheko kile sikuwa na pa kujificha. Nikamwambia yote.

Hakunifukuza. Alinihamishia kwenye meza ya kukunja vyuma vyembamba na kufunga waya, kazi ya kukaa, na mkataba ulipoandikwa upya jina langu lilikuwemo. Kumbe muda wote wa hofu yangu hakuna aliyewahi kumwendea kumuuliza kama ni kweli anayeugua haandikwi tena.

Nilimfuata Hermínio wakati wa chakula nikamuuliza kwa nini hakuniambia mimi kwanza. Akasema, "Ningekwambia kwa upole ungenijibu huumwi. Kwa utani huna ruhusa ya kununa."

Jumapili iliyofuata alikuja hapa kudai haki yake ya mtani. Aliingia bila hodi, akala samaki niliyekaangiwa, akachukua kofia yangu ya darizi ukutani akaivaa. Mkristo yule akapita nayo kijiji kizima, watu wakimwitikia salamu. Mwenye nyumba wangu, Sualehe, alicheka mpaka akakaa chini. Mkewe Ancha ndiye anayenikanda kwa maji ya chumvi, na ndoo yangu ya maji huijaza kabla sijaamka. Nikimkataza ananiambia ninyamaze, mimi ni mgeni wake.

Basi jibu langu ni hili, mama. Siji kuuguzwa. Nitakuja Idi, Mungu akipenda, nitakaa kwako siku chache, utanikanda upendavyo, kisha nitarudi kazini. Bega huenda lisipone. Nililia sana kwa hilo, sasa silii. Ningekuwa peke yangu ningekuja leo. Lakini siko peke yangu, na hilo ndilo nililotaka ulijue.

Nisalimie Baba mdogo, dada Cadija na watoto wake, na mwambie mdogo wangu Rafique aache kukaa na nguo mbichi. Ramadhani ikikukuta, Mola akupe nguvu ya kuifunga yote na akulipe kwa kila tonge ulilonilisha.

Ukiona mistari imepinda, ni kwamba nimepumzika mara kadhaa katikati. Nimeifikisha mwisho.

Wako akupendaye, mwanao,
Bacar